Sifa za Fomu ya Bima ya Uzeeni

Fomu ya bima ya afya, ile ambayo mstaafu huijaza upya kila mwaka, ni neema inayotukanwa bure. Huwatoa wazee nyumbani, huwakumbusha tarehe za kuzaliwa za watoto wao na huwalisha wenye mashine za fotokopi. Thamani yake huonekana zaidi Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa Gécamines, shirika la madini la serikali, huko Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako watu waliishi miaka mingi bila kuionja.

Enzi za Union Minière, kampuni iliyoitangulia Gécamines, na hata baada ya serikali kuitwaa mwaka 1967, mchimbaji wa shaba alinyimwa kabisa raha ya kuchagua. Kampuni ilimpa nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali. Akiugua, alitaja namba yake ya kazi, akatibiwa. Dhuluma hiyo ilianza kupungua shirika lilipoyumba miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa fedha za mkupuo, kwa msaada wa Benki ya Dunia, katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wakaondoka na uhuru wao. Hospitali ikabaki na kampuni.

Sheria nayo imewaachia nafasi. Mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, CNSS, hushughulikia pensheni, posho za familia na ajali na magonjwa ya kazini. Malaria na shinikizo la damu havimo. Sheria ya Februari 2017 iliweka misingi ya vyama vya kusaidiana, na ndivyo mzee anavyoweza kujiunga navyo kwa mchango wake. Huduma ya afya kwa wote, iliyozinduliwa Septemba 2023, ilianza na akina mama wanaojifungua na watoto wachanga: jambo la haki, ila mwenye miaka 70 amechelewa kidogo kunufaika nalo.

Fomu yenyewe ina miujiza. Mzee hufungua mfuko wa plastiki, akatoa kadi ya mpiga kura, picha ndogo na cheti cha ndoa; mjukuu humsomea Kifaransa. Mke aliyeandikwa Ngoy kwenye kadi na Ngoie kwenye cheti huwa wanawake wawili papo hapo, na hakuna mahari ya pili inayodaiwa.

Sifa kuu, hata hivyo, ni muda wa kungoja. Mchango ukishalipwa, haki ya matibabu huja baada ya wiki au miezi, na sababu yake ni ya maana: kama kila mtu angejiunga siku anayougua, mfuko ungekauka. Kinachobaki ni kuuomba ugonjwa uwe na adabu. Kule Marekani wazee hupewa kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba wachague kati ya mipango mingi ya Medicare, bima yao ya afya ya uzeeni, nao pia hulalamika. Shukrani ni adimu kila mahali.

Asiyejaza fomu hubaki na njia ya zamani. Anapozuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, ndugu huitana, kila mmoja akatoa alichonacho, naye akaruhusiwa jioni hiyo hiyo. Mchango huo hauna fomu, tarehe ya mwisho wala muda wa kungoja, kwa hiyo hakuna mtaalamu anayeuhesabu kuwa bima.