Tikiti za Wali wa Kabambare

Baba Watoto ni fundi cherehani, na sidhani Kasongo ina fundi anayependa avansi kumzidi. Hapimi kiuno cha mtu kabla nusu ya fedha haijaingia mfukoni. Na kwa kuwa haki ni haki, yeye pia hulipa mbele kila kinacholipika. Makaa ya msimu wa mvua huyanunua jua likiwa bado linachoma, na kinyozi amekwisha kupokea malipo ya nywele ambazo watoto wetu hawajaziota. Serikali ya Kongo ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za umma ni za bure, majirani walipiga vigelegele. Yeye alizunguka uani akiniuliza Septemba ikifika atamlipa nani.

Basi tulipokata shauri kwenda Kabambare wakati wa likizo kubwa, kumsalimu Shangazi yake, nilijua kuna kitu kitalipiwa kabla. Sikujua tu kitakuwa nini.

Jibu lilitoka Marekani. Mdogo wake aliondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, akahamishiwa Marekani pamoja na mkewe na watoto. Baada ya kudunduliza kwa muda mrefu, aliwapeleka watoto Florida, kwenye viwanja vya michezo vya Walt Disney World, akatupigia simu ya picha akiwa amevaa kofia yenye masikio ya panya. Watoto wangu walitazama ngome na magari yanayopaa. Baba yao alitaka kujua jambo moja tu: mnakula wapi?

"Yaya, tumelipa chakula kabla hatujatoka nyumbani," alisema shemeji yangu. "Mkono haugusi mfuko mpaka tunarudi."

Akaeleza. Mpango huo ulianza mwaka 2005, ukasimamishwa 2020 wakati wa korona, ukarudi Januari 2024. Ukilala kwenye hoteli zao, unaandikiwa idadi ya milo na vitafunio kwa kila usiku wa kukaa. Watoto wa miaka mitatu hadi tisa wana hesabu yao. Aliyefika kumi ni mtu mzima. Huwezi kumlipia mmoja ukamwacha mwingine: mlioandikishwa pamoja, mnaingia pamoja. Sahani usiyoila leo unaweza kuila kesho, lakini saa sita ya usiku wa siku ya kuondoka, zilizobaki zinakufa.

Mimi nilisikiliza nikamwelewa. Kule hana shangazi, hana jirani, wala mama mkwe wa kumgongea mlango. Bei ya sahani moja inaweza kumtoa baba jasho mbele ya wanawe, nao watoto wakishaona aiskrimu hawasikii hesabu. Mtu wa namna hiyo akilipa mbele, ananunua usingizi wake. Lakini Baba Watoto hakusikia habari ya usingizi. Alisikia nchi nzima inayodai avansi, akasema, "Wale watu wana akili ya fundi."

Kabambare haina ngome wala panya wa kofia. Ina Shangazi, na Shangazi alikuwa ameng'oa nyasi za paa ili nyumba iezekwe upya kabla ya mvua. Ndiyo sababu alikubali, shingo upande, tulale kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na kwake. Kulala tu. Habari ya kula haikutajwa, kwa sababu kwake haikuwa habari.

Baba Watoto akampigia simu mama mwenye nyumba ya wageni. Nilikuwa nachambua mchele, nikawa nasikia upande mmoja wa mazungumzo: "Asubuhi, mchana na jioni... Ndiyo, kwa kila kichwa... Mtoto wa kunyonya je? Ana meno, ndiyo, mawili..." Alipokata simu uso wake ulikuwa unameta. Tutapewa tikiti za karatasi zenye muhuri, moja kwa kila mlo. Ukilipa siku zote kwa pamoja, chai ya asubuhi moja ni bure. Kichwa ni kichwa, mradi kina jino. Tikiti haivuki siku, na fedha ikishafika hairudi.

"Kumbe Florida ni wapole," nikasema. "Kule sahani inasubiri mpaka usiku wa mwisho."

Hapo ndipo alipoleta historia. Baba Watoto akishindwa hesabu hukimbilia waungwana wa zamani. Akanikumbusha kwamba njia ile ile ya Kabambare ndiyo iliyopitiwa na misafara ya Ujiji kuja Kasongo na Nyangwe, enzi za Tippu Tip, na kwamba hakuna mpagazi wa kukodiwa aliyenyanyua jino la ndovu bila kupewa posho kwanza. Kulipa chakula mbele, alisema, ni mila yetu; Wamarekani wameiga.

Nilimkubalia nusu. Mpagazi alipewa posho kabla, ni kweli, lakini alipewa nguo na shanga. Akifika kijiji chenye ndizi, atanunua ndizi. Akifika chenye kuku, atanunua kuku. Akikaribishwa na ndugu, atakula bure na nguo yake itabaki begani. Hakuna aliyempa karatasi inayosema kwamba Jumanne mchana, atake asitake, atakula maharage mahali fulani. Livingstone mwenyewe, yule msafiri mzungu, alikwama, kwanza kwa vidonda vya miguu, kule kule Kabambare, aliyoiandika Bambarre, toka katikati ya mwaka 1870 mpaka mwanzoni mwa 1871. Fikiria angekuwa na tikiti za siku tatu.

Alicheka. Kisha akatuma fedha kwa simu.

Safari ilianza alfajiri, sisi na mizigo tukigawanyika juu ya pikipiki. Vumbi la Julai lilitupaka sote rangi moja. Gurudumu la kwanza lilipasuka kabla ya jua kuwa kali, la pili kwenye daraja la magogo. Penye bariera tulishuka, tukajieleza, tukapanda. Watoto wakaanza kulia njaa, na mahali pekee tulipohitaji kwa kweli chakula kilicholipiwa palikuwa pale, kati ya kijiji na kijiji, ambako hakuna aliyekuwa ametupikia. Tulikula mihogo ya kuchoma na ndizi za mwanamke mmoja aliyekaa chini ya mwembe. Baba Watoto akamlipa papo hapo, baada ya kula, huku mkono ukimtetemeka kwa kutozoea.

Tukafika Kabambare usiku. Jikoni moto ulikuwa umezimwa, na mpishi amejifunika kitenge.

"Tikiti za leo jioni," Baba Watoto akamnyooshea.

Mpishi akazisoma kwa tochi. "Baba, za leo jioni zilikwisha na jioni. Sombe yenu tuliwapa mbwa na wazee."

Sijui alimaanisha kwa mpangilio gani.

Asubuhi mambo yalianza vizuri. Chai ilikuja, maandazi yakaja, tikiti zikachanwa. Kabla hatujafuta midomo, Shangazi akatokea mlangoni na wasichana wawili, kila mmoja na sinia kichwani. Wali wa mpunga mpya, kuku wa kienyeji, samaki wa mto Luama aliyekaushwa kisha akalazwa kwenye mawese. Nani angekataa? Watoto walikula, mimi nikala, Baba Watoto akala huku akitupia macho saa ya ukutani.

Saa saba kamili akatupanga kwa mstari. "Mchana umelipiwa," akasema.

Tuliingia ukumbini tukiwa tumevimba. Meza ilikuwa imejaa bukari, sombe na maharage. Kifungua mimba alimega bonge moja akalitazama kwa uchungu. Wa pili, ambaye tangu aache ziwa hali kitu ila wali mweupe, aliuliza wali uko wapi, akaambiwa wali ni wa Alhamisi. Kitinda mimba, mwenye meno yake mawili na tikiti yake nzima, alilala shavu likiwa ndani ya bukari. Baba yao alikula sahani yake, akala ya mtoto, akaanza ya mtoto wa pili, jasho likimtoka puani.

"Hailiwi fedha, huliwa chakula," nikamwambia.

"Hii ni fedha," akajibu, akameza.

Jioni zilikuja sahani kutoka kwa jirani wa Shangazi. Kesho yake zilikuja kutoka kwa binamu ambaye hata Baba Watoto hakumjua. Huku kwetu mgeni akifika hujadiliani na mtu kuhusu chakula. Chakula chenyewe kinakutafuta. Ukila kwa mmoja ukaruka kwa mwingine, umemtukana. Kwa hiyo tulikuwa tunakula kwa heshima mara tatu na kwa tikiti mara tatu, na muda wa kutembea hatukuupata. Likizo yote ikawa ni kutoka sahani kwenda sahani.

Aliyetuokoa ni kifungua mimba, bila kukusudia. Alikuwa amefungua soko kisimani: tikiti moja ya mchana kwa machungwa matano, au kwa kuendesha baiskeli kwenda na kurudi. Vijana waliokuwa wakiezeka nyumba ya Shangazi wakazinunua. Mmoja wao akamwonyesha Shangazi karatasi yenye muhuri, akiuliza kama ni halali.

Shangazi alikuja bila sinia. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Mtoto wa kaka yangu," alianza, akiwa amesimama. "Hii ni nini?"

"Ni chakula, Shangazi. Nilikilipia mbele ili tusikusumbue."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akakaa kitini. Shangazi aliishi Nyarugusu miaka mingi, tangu vita vya kwanza vilipotawanya watu na kambi ile kufunguliwa mwaka 1996. Huko alikula kwa kadi: jina, idadi ya vichwa, foleni, kipimo cha unga wa mahindi, njegere, mafuta, chumvi. Hakuwahi kuwasema vibaya waliompa. Walimlea na wanawe. Lakini unga wa mahindi aliuuza akanunua wa mihogo kila alipoweza, apate bukari ya kwao.

"Nilihesabiwa kinywa changu miaka yote ile," akasema. "Sikurudi Kabambare kuona wajukuu wangu wanahesabiwa vyao, nami nikiwa na chungu na kuni. Na umelipa! Mimi kadi yangu ilikuwa ya bure."

Baba Watoto akatazama vidole vyake. Nami nikagundua kazi muhimu mlangoni.

Shangazi hakuwa mtu wa kulia juu ya jambo akaliacha lilivyo. Alinyoosha mkono, akapewa bunda zima la tikiti, akazipanga mapajani. "Zimebaki nyingi," akasema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu wa hesabu. "Wale vijana wa paa mimi ndiye ninayewalisha. Kila siku natafuta maharage."

Mama mwenye nyumba ya wageni alijaribu kupinga: tikiti ni ya mgeni aliyeandikishwa. Shangazi akamkumbusha nani alimshika mkono alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Ubishi ukaishia hapo.

Kuanzia mchana huo mafundi wa paa wakawa wanashuka ngazi saa saba, wananawa, wanakula bukari ya Baba Watoto hadi tonge la mwisho. Alhamisi wakafurahia wali. Sisi tukala kwa Shangazi, chini ya nyota, kwa sababu paa lilikuwa halijakamilika, na wa pili wangu akapata wali mweupe kila mlo bila kalenda. Vijana walioshiba hawatafuti sababu ya kushuka. Nyumba iliezekwa mapema, tukahamia humo siku za mwisho, na tikiti zilizobaki Shangazi akazigawa kwa madereva wa pikipiki watakaoturudisha. Ndiyo safari pekee ninayoijua ambayo madereva walitusubiri sisi.

Shemeji alipopiga simu kuuliza mpango ulikwendaje, Baba Watoto alitanua kifua. "Hata sahani moja haikupotea," akasema. Sikumkatiza. Ukitoa zile za usiku wa kwanza, alisema kweli.

Lakini mimi ndiye ninayeshika mfuko wa jikoni, na uamuzi wangu ni huu. Lipia chakula mbele pale usipokuwa na mtu, bei ni kali, na una hakika saa ya chungu itakukuta mezani. Florida inatimiza yote matatu. Uliza kwanza watoto wako wanakula nini, maana sahani isiyolika haina punguzo. Uliza kama tikiti inavuka siku, kwa kuwa barabara zetu hazijui saa. Na kama uendako kuna shangazi, usimlipe mtu mwingine kabla hujamlipa yeye.

Kwa sababu naye anataka kulipwa mbele. Sisi tu hatukuwa tumeuliza. Wakati wa kuagana alisema waziwazi: anayependa kutuma kabla ya kufika, atume gunia la mchele wa Kasongo, chumvi, sabuni na dumu la mafuta. Vikishaingia chunguni, hakuna wa kuuliza kichwa kipi kina meno.

Juzi dereva mmoja aliyetoka Kabambare alituletea karatasi iliyokunjwa. Shangazi ameorodhesha vitu vya likizo ijayo kwa mwandiko mzuri, na chini kabisa ameongeza sharti: nusu ifike kabla ya mvua, la sivyo hapiki. Baba Watoto aliisoma mara mbili, akaishika kwa pini ukutani juu ya cherehani yake, mahali wateja wanapoiona vizuri, akasema sasa wataamini kwamba kwao wote wako hivyo.