Barista na Ubao Wake

Barista ni mtu anayetengeneza kahawa ya mashine na kuwapa wateja kutoka nyuma ya kaunta ya mkahawa. Hivyo ndivyo neno linavyoeleweka leo Nairobi na Dar es Salaam. Kwao Italia, hata hivyo, neno hili halitaji kahawa popote. Limeundwa kwa bar, yaani baa, pamoja na kiambishi -ista kinachomtambulisha mtu kwa shughuli yake, kama vile dentista alivyo daktari wa meno. Barista basi ni mtu wa baa, na baa ya Kiitaliano huuza kahawa asubuhi, mkate wenye nyama mchana, na pombe kali jioni. Kijana aliyehitimu kuchora moyo kwa povu la maziwa, akajitambulisha huko kwa fahari, anaweza kukabidhiwa kizibuo cha mvinyo.

Baa nayo si ya Waitaliano. Waliichukua kwa Waingereza, nao Waingereza waliipata katika Kifaransa cha kale, ambako barre ilikuwa pao au kizuizi. Katika vilabu vya pombe, bar ulikuwa ubao uliomtenga muuzaji na wanywaji, na aliyewahi kuuza kwa mkopo hahitaji kuelezwa faida yake. Kizuizi cha jina hilohilo kilikuwa kwenye kumbi za mawakili wa London, na humo akazaliwa barrister, wakili wa mahakama za juu. Kwa hiyo mzazi anayesikia, kwenye simu inayokatikakatika, kwamba mwanawe amefuzu ubarista, kisha akautangazia mtaa kuwa ukoo umepata wakili, amekosea tawi tu. Shina ni moja. Balaa ni pale jirani mwenye kesi ya kiwanja anapofika na faili kwapani, akaulizwa kama anatumia sukari.

Neno lilipata nguvu Italia katika miaka ya 1930, serikali ya dikteta Mussolini ilipokuwa ikiyafukuza maneno ya kigeni. Mhudumu wa baa alikuwa akiitwa barman, kwa Kiingereza kitupu. Wasafishaji wa lugha wakaing'oa man, wakapachika -ista, wakaridhika. Bar, iliyokuwa ngeni vilevile, ikabaki imekaa mlangoni. Lilipendekezwa neno quisibeve, maana yake “hapa watu hunywa”, lakini wanywaji hawakulitaka, pengine kwa kuwa ni refu mno kwa mtu mwenye kiu.

Safari ya neno hili kuvuka bahari hadi Marekani ilichochewa na Howard Schultz, mfanyakazi wa kampuni ya kahawa ya Starbucks aliyezuru Milano mwaka 1983 na kuvutiwa na baa zake. Mwaka 1986 alifungua mkahawa wake Seattle, na mwaka uliofuata akainunua Starbucks yenyewe. Wamarekani walipochukua barista waliacha pombe, wakabaki na kahawa. Latte nayo waliikata: Mwitaliano husema caffellatte, kwani latte peke yake ni maziwa. Mgeni anayeagiza latte Roma huletewa glasi ya maziwa meupe, na akilalamika, barista humtazama kwa huruma. Si yeye aliyekosea.

Kwa Waitaliano, barista ni jina la mwanamume na la mwanamke pia; wakiwa wengi, wanaume ni baristi na wanawake bariste. Kiswahili hakikutaka usumbufu huo: mabarista, basi.

Anayebaki nje ya jina hili ni muuza kahawa wa Mombasa na Zanzibar, azungukaye na birika juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili asikike kabla hajaonekana. Kahawa anayo, tena chungu, na ufundi anao. Kinachomnyima sifa, tukifuata asili ya neno, ni ubao: hana cha kujifichia mteja anapodai kuwa kahawa imepoa.