Friji Ikiwaka, Mimi Nazimika

Mimi sina ugomvi na bahari. Mkongo wa intaneti wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, wa EASSy ukafuata 2010, na yote miwili ilipokatika Mei 2024 nililalamika kiungwana pamoja na Watanzania wenzangu, kisha nikasamehe. Kinachoniudhi ni hiki: data yangu inatoka Ulaya, inapita Bahari ya Shamu, inazunguka Pembe ya Afrika, inafika Magomeni na kuingia sebuleni kwangu salama salimini. Halafu inauawa na friji.

Nilipiga huduma kwa wateja ya kampuni ya intaneti. "Mteja wetu, zima kifaa chako, subiri sekunde thelathini, kisha washa." Nikamwambia, "Dada yangu, kinajizima chenyewe. Hilo unaloniagiza ndilo tatizo lenyewe." Akaniomba nisubiri kwenye simu. Muziki ukapigwa.

Wakamtuma kijana na kompyuta yake. Akafika saa ambayo friji imeshapoa na kunyamaza kama shahidi aliyehongwa. Akapima spidi. "Bosi, mbona unapata yote? Labda simu yako." Bodaboda yake haijakata kona, friji ikanguruma, taa ikapepesa, ruta ikafa.

Mke wangu alisema ni magemu ya watoto. Jirani alisema ni mvua. Shemeji, mtu wa kutoa ushauri asioombwa, alipandisha ruta juu ya kabati ili "ipate upepo". Ikawa inazima ikiwa juu.

Mwishowe nikamwita fundi umeme wa mtaa. Akafungua soketi, akacheka peke yake. "Bosi, nyumba hii imepita mikononi mwa mafundi wangapi?" Waya nyekundu na nyeusi za enzi zile zimeungwa na za kahawia na bluu za siku hizi. Soketi ya sebuleni imekopa umeme chumbani, chumba kimekopa jikoni, na deni halijalipwa na yeyote. Jointi kuu imesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa mfuko wa rambo. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu 2019, lakini wa kwangu bado uko kazini, ukutani.

Akanieleza. Kompresa ya friji inapoanza huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko ikishachanganya. Umeme huo ukipita kwenye jointi iliyolegea, volti zinaanguka kidogo. Balbu inapepesa tu, televisheni inavumilia, simu ina betri yake. Ruta, ambayo chakula chake ni volti 12 tu, ikikosa hata kufumba na kufumbua inazima, kisha inachukua dakika zake kuwaka upya na kutafuta mtandao. Nikirudi kwenye kikao cha mtandaoni nakuta bosi wangu anasema, "Tuendelee, huyu mwenzetu tumeshamzoea."

Nikaenda kwa baba mwenye nyumba, anayekaa upande wa pili wa ua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta kodi?"

"Nimekuja kuhusu waya, mzee. Intaneti inakatika."

"Waya hizo zimewasha taa kabla hujazaliwa. Mambo ya intaneti waulize watu wa intaneti."

Watu wa intaneti nao walishasema labda ni simu yangu. Kwa haki ya mzee, nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya balbu na redio moja ya mbao. Friji, pasi, jagi la umeme na feni ni wageni waliokuja baadaye bila hodi, na hakuna aliyewaongezea mlango. Fundi anataka kuvuta laini mpya ya friji moja kwa moja kutoka swichi kuu na kuunga upya jointi zote, yaani kubomoa plasta, na plasta ni ya mzee.

Basi nikaenda Kariakoo nikanunua kiboksi cha betri cha ruta. Friji sasa inanguruma itakavyo, taa zinapepesa, na ruta haina habari. Jointi bado inachemka ukutani. Nimemwambia mzee kwamba siku moja itawaka moto, akasema nisiwe na mdomo mbaya.

Jana jioni kagonga mlango. "Mwanangu, nasikia intaneti yako imetulia. Mjukuu wangu ana mitihani. Hebu nipe paswedi."