Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Programu Huru

Waheshimiwa wa Taasisi ya Programu Huru, Marekani,

Poleni na kazi ya kulinda uhuru wetu tangu 1985. Huku Kisondela, wilayani Rungwe, mvua haijaacha mazoea yake, chai inachumwa, nasi tunaulinda uhuru huo kwa kompyuta tatu za mitumba.

Nimewaandikia vijana mwongozo wa LibreOffice kwa Kiswahili. Kwa utiifu nikafuata kanuni za mradi wenu wa GNU: programu isiyo huru isipendekezwe, isipigiwe debe, isipewe uhalali. Neno Word nikalifuta kila lilipochungulia. Ikabaki printa tuliyopewa msaada. Haichapi bila draiva ya kampuni, nayo draiva si huru. Nikainyamazia. Sasa tunawekea vikombe vya chai juu yake.

Kwa hiyo kijana wangu, barua yake ya kuomba kazi ikiwa kwenye flashi, alipanda bodaboda hadi Tukuyu kuichapisha. Dada wa steshenari akabofya, akabofya tena. Word yake ni ya 2003, faili la .odt la LibreOffice hailijui. "Kaka, hili limeharibika." Akamtaipia upya, akamtoza. Word yenyewe ni nakala ya wizi.

Nasikia Kiingereza kinawatesa, neno moja kubeba huru na bure. Sisi tunayo mawili, na bado tumekwama: programu ya dada ni bure lakini si huru, yangu ni huru na bure, ila mwongozo wangu haukumwambia kijana atalifungulia wapi faili lake.

Nimegundua, kwa kuchelewa, kwamba mmeacha upenyo: isiyo huru yaweza kutajwa ikiwa ni mashuhuri na wahusika wanaijua tayari. Kumbe Word ningeitaja. Huku inajulikana kuliko diwani. Ila draiva ya printa, isiyojulikana hata na aliyetuletea, ndiyo imefungiwa mdomo. Yaani jambazi sugu atajwe, kibaka asitiriwe!

Sitaki mwongozo uwe dalali wa kampuni. Lakini daktari hutaja malaria bila kuipigia debe. Naomba ibara moja tu kwenye kanuni zenu: kisicho huru kitajwe kwa jina, ielezwe kinafunga nini, na mtumiaji aonyeshwe pa kutokea.

Wenu mtiifu,
Mwalimu wa kujitolea, Kisondela

Tanbihi: Barua hii nimeihifadhi kwa .odt. Nakala ya .doc ipo pia, kwa ajili ya steshenari.