Hotpoti Inayoimba

Spika ndogo ya Bluetooth, ile ya kuning'iniza begani, Kariakoo walinitajia sh 45,000. Mfukoni nilikuwa na 25,000, na ndani ya hiyo 25,000 mlikuwa na nauli ya kurudi Tandika. Nikamwambia muuzaji nitapita baadaye, akaniambia karibu tena, wote wawili tukijua hatuonani. Kabla sijafika kituoni nilikuwa nimeshakata shauri: naiunda mwenyewe.

Kuunda spika si kazi ya ajabu. Inataka spika yenyewe, betri, bodi ya Bluetooth yenye amplifaya, na kasha la kuvifungia vyote. Mtoto wa darasa la sita aliyezoea bisibisi anaiweza. Shida inaanza pale unapokuwa na majirani. Nyumba tunayopanga ina vyumba sita, ua mmoja na mita moja ya LUKU, lakini mafundi redio ni wengi kuliko vyumba, maana kila aliyewahi kuipiga redio kofi ikaamka anajihesabu fundi.

Kasha nililipata ndani. Mke wangu ana hotpoti kubwa aliyozawadiwa kwenye kicheni pati yake, na hotpoti hiyo iliwahi kuazimwa msibani, mtaa wa pili. Anayeijua misiba ya Dar es Salaam anajua vyombo huenda na wenzao vikarudi vijane. Ya kwetu ilirudi haina mfuniko, ila ndani yake mna mwiko usio wetu. Ikapandishwa juu ya kabati, ikakaa huko na vumbi lake. Nilipoiomba, mke wangu alinitazama kwanza.

"Chukua, baba watoto. Lakini mfuniko wangu ukirudi, na hotpoti yangu irudi."

Nikakubali bila kupumua. Nani amewahi kuona mfuniko ukirudi kutoka msibani?

Na hotpoti, msidharau, ni kasha zuri. Spika ikilia tupu, sauti ya mgongoni mwake huzunguka na kuifuta ile ya mbele, hasa besi, ukabaki na kelele za mbu. Kazi ya kasha ni kuizuia ile ya nyuma. Hotpoti ina ganda la nje, ganda la ndani na povu katikati. Povu hilo liliwekwa ili wali usipoe, lakini linazuia mtetemo vilevile. Kijijini kwetu vijana walikuwa wakiitumbukiza spika ya redio kaseti ndani ya mtungi ili besi iteremke, na hakuna mhandisi aliyekwenda kuwafundisha.

Spika nilipewa bure. Ilitoka kwenye TV ya chogo ya mzee wa chumba cha mwisho. TV hiyo ilivuka salama mwishoni mwa mwaka 2012, matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam, ikakipokea king'amuzi bila kinyongo, ikaja kuuawa na mjukuu aliyeimwagia uji. Aliyeifungua ni fundi, si mimi: TV za chogo hubaki na umeme mkali ndani hata zikiwa zimechomolewa, kwa hiyo anayesoma hapa asije akaivamia ya kwao na kisu cha jikoni. Sasa, watengenezaji wa TV hizo walikuwa wakibana nafasi pembeni ya kioo, ndiyo maana spika zao nyingi zina umbo la yai. Hotpoti yangu ni duara. Seremala wa njia panda akanikatia kipande cha plaiwudi, duara kwa nje, yai kwa ndani, akachukua sh 3,000, na kwa hisani yake akanishauri ninunue sabufa.

Mgongoni spika ilikuwa imeandikwa ohm 8. Bodi niliyonunua ina kidude kiitwacho PAM8403, ambacho hutoa wati 3 kila upande kikipewa spika ya ohm 4. Kikipewa ya ohm 8, nguvu inashuka karibu nusu. Nilimweleza mke wangu jambo hilo kwa kirefu. Akauliza kama hizo wati zilizobaki zitasikika akiwa jikoni. Jikoni kwetu na kitandani vinatenganishwa na pazia. Nikamhakikishia zitasikika.

Uhondo uko kwenye betri. Kariakoo zimejaa betri za saizi ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu 65, zilizoandikwa mAh 9,900 kwa rangi ya kumeremeta. Viwanda vikubwa vya dunia, pamoja na maabara zao zote, katika umbo hilo hufikisha kama 3,500. Nikamwuliza kijana wa dukani hizo nyingine zimepenyaje humo.

"Kaka, hiyo ndiyo mpya. Wenzako wanabeba boksi zima."

Nikawaachia hao wenzangu, nikaenda kwa fundi kompyuta, akanipa betri ya laptop iliyokufa. Betri ya laptop ikifa, mara nyingi haijafa yote. Ndani kuna seli kadhaa, aghalabu sita, na moja tu ikigoma inawagomesha wenzake. Tukaipasua taratibu, tukaweka mita. Zilizosoma sifuri tukazitupilia mbali, kwa sababu seli ya lithiamu iliyokauka kabisa ukiilazimisha chaji inaweza kuwaka moto. Mbili zikasoma volti 3.6, nikazibeba kwa heshima hadi nyumbani, nikaziweka juu ya stuli uani, nikatoka mara moja kwenda dukani kwa Mangi kununua gundi.

Kwa Mangi kulikuwa na foleni ya vocha na mafuta ya kupima. Huku nyuma mzee wa chumba cha mwisho akaziona. Mzee huyu ni mtu wa enzi za redio ya mbao, na katika enzi hizo betri iliyochoka ilikuwa na dawa moja: inaanikwa. Nimerudi namkuta amekaa kivulini na fimbo mkononi, anafukuza kuku. Seli zangu zimepangwa juu ya bati la banda, saa saba mchana, mwezi wa Februari.

"Mwanangu, zilikuwa za baridi kabisa hizi," akasema. "Upande mmoja nimeshazigeuza."

"Mzee wangu, hizi haziwekwi juani!"

"Betri gani isiyowekwa juani?"

Na kwa betri alizozijua yeye alikuwa na haki. Zile za zamani, joto huzichangamsha kemikali zake kidogo, ukapata taarifa ya habari moja ya nyongeza. Za lithiamu joto kali linaziua, na likizidi zinaweza kulipuka na kuondoka na banda, kuku na mlinzi wao. Nilizitoa kwa kanga ya mke wangu, nikaziacha chini ya mwembe zipoe, na baadaye nikazipima huku nimezikalia mbali. Volti 3.6, vilevile kama zilivyokuwa. Mzee alichungulia ile mita.

"Si unaona!" akasema, akaenda zake kulala.

Hadi leo ukimwuliza, spika ile imeundwa na yeye.

Kuunganisha waya kulihitaji chuma cha kuyeyushia risasi, nilichoazima kwa yuleyule fundi kompyuta. Hakijapata moto sawasawa, mama mwenye nyumba akawa amesimama mlangoni.

"Baba, hicho kitu kinakula uniti."

Nikamfanyia hesabu kwenye karatasi. Chuma cha wati 60 kikiwaka saa nzima hakifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti moja, na mimi nilikuwa na kazi ya robo saa. Aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na noti zake, akaondoka bila neno. Jioni hiyo umeme ukakatika. Nilikuwa mshtakiwa mpaka Mangi alipotuma mtoto kuuliza kama na kwetu pia ni giza.

Bodi hizi za Kichina zina dada ndani yake. Mkaazi yeyote wa mjini anamfahamu, amemsikia kwenye bajaji na kwa vinyozi. Ukiwasha, anatangaza kwa Kiingereza kwamba kifaa kiko tayari kuunganishwa. Simu ikishika, anashangilia kwamba mambo yamefanikiwa. Hana adabu ya usiku, na sauti yake haipungui hata ukipunguza ya muziki.

Kazi ya mwisho niliifanya usiku, wakati mke wangu amekwenda Tanga kwenye arobaini ya shangazi yake. Vyumba vyetu havina dari; ukikohoa cha kwanza, cha sita wanakupa pole. Waya mmoja ulikuwa haujashika. Nikiugusa, dada yuko tayari. Nikiuachia, kimya. Nikiugusa tena, dada yuko tayari. Na mafundi mnajua, mtu akiwa peke yake na kazi ngumu huzungumza nayo. Mimi nilikuwa nikiubembeleza waya: tulia hapo hapo, usitikisike, taratibu, tunamaliza sasa hivi. Kama saa saba za usiku hivi risasi ikashika, simu ikaingia, na dada akatangaza mafanikio kwa furaha kubwa.

Asubuhi nilitoka uani na mswaki wangu. Habari zangu hazikuitikiwa. Akina mama waliokuwa wakiosha vyombo walizidi kuviosha. Mzee peke yake ndiye aliyenisogelea, akashusha sauti.

"Mwanangu, ni Mzungu?"

Sijamaliza kupiga mswaki, simu ya Tanga ikaingia. Mke wangu alikuwa ameshapelekewa habari zote, na saa zake. Sikubishana naye. Niliisogeza simu kwenye hotpoti, nikawasha, dada akajieleza mwenyewe. Tanga wakanyamaza kwa muda.

"Haya, nimemsikia," akasema. "Sasa yeye ulikuwa ukimwambia atulie kwa nini?"

Gharama zote zilikuwa sh 21,500, nauli haimo. Inalia vizuri, kusema kweli, besi yake imetulia na inakwenda jioni nzima bila chaji. Tatizo ni kwamba hailii kwa ajili yangu. Bodi za bei yetu hazina neno la siri. Simu yoyote iliyo ndani ya mita kama kumi inaingia, na bodi ikishaijua simu hujaribu kuirudia kila inapowashwa. Jina la Bluetooth limetokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Uani kwetu angehama. Mama mwenye nyumba alikuja kuikagua, mjukuu wake akamwunganishia simu, na tangu hapo mimi nawasha, yeye anapiga. Alfajiri mawaidha, alasiri taarabu. Siku moja ikatoka sauti ya mweka hazina wa kikoba akimkumbusha rejesho lake. Uani wote tuliisikia, na uani wote tukajifanya tunafagia. Mpira nausikiliza akienda kwenye kikao.

Halafu mfuniko ukarudi. Uliletwa na binti wa wafiwa, umeoshwa, umefungwa kwenye kitambaa, na salamu za samahani juu yake. Mke wangu akaidai hotpoti yake siku hiyohiyo, kama tulivyoandikiana. Mama mwenye nyumba akasema hotpoti haiendi popote, akaingia ndani kwake, akatoka na ya kwake, nzima, yenye maua, akampa. Wakamalizana wao wenyewe mbele yangu. Mwiko ule haujaulizwa na mtu.

Mimi nimebaki na bili. Spika imeandikwa kwenye daftari la nyumba kuwa kifaa cha umeme, inafuatana na pasi na feni, na mchango wangu wa LUKU umepandishwa kwa sh 2,000 kila mwezi. Uniti moja ingezijaza zile seli zaidi ya mara 30. Na wala sizichaji nyumbani, nazichaji kazini.