Shajara ya Udongo wa Mbuga

Jumatatu
Bodaboda ameleta sampuli kutoka mahali panapotakiwa kuchimbwa dampo jipya la mji. Njiani alipata pancha, mirija yenye sampuli ikakaa juani mpaka tairi lilipozibwa. Udongo wa mrija mmoja umefika na ufa kutoka juu hadi chini. Udongo wa mbuga ni mfinyanzi uliojaa montimoriloniti, madini ya vibamba vyenye unene wa takriban nanomita 1. Gramu moja tu inaweza kuwa na eneo la uso la karibu mita za mraba 800. Maji yakiingia kati ya vibamba, udongo unavimba, yakitoka, unapasuka. Sampuli yenye ufa nimeiweka kando, sikuitupa. Hata huko shimoni jua litawaka.

Jumanne
Usiku kifuniko cha mrija wa maji wa kupimia upenyaji kilianguka na feni ilizunguka hadi alfajiri. Maji yameshuka, lakini siwezi kusema ni udongo uliyanywa au ni hewa. Kanuni za nchi nyingi, Marekani ikiwemo, zinataka tabaka la mfinyanzi chini ya taka lisipitishe maji kwa kasi inayozidi mita 0.000000001 kwa sekunde. Hiyo ni kama sentimita 3 kwa mwaka, pale msukumo wa maji unapokuwa sawa na uzito wa maji yenyewe. Kwa mwendo huo, hewa ya chumba hushinda udongo. Kipimo kimeanza upya.

Jumatano
Umeme umekatika saa nane mchana, hesabu za kompyuta, zenye modeli za ngazi nne, zikasimama. Modeli ya chini kabisa hufuata molekuli za maji kati ya vibamba viwili. Vibamba vina chaji hasi: huivuta sodiamu na kuisukuma kloraidi. Matokeo hupandishwa kwenye modeli ya matundu, kisha ya sampuli, kisha ya shimo zima, na kila ngazi huikabidhi ile ya juu namba chache tu. Hapo ndipo penye hatari. Ngazi ya chini haijawahi kuona ufa, na ngazi ya juu haina habari za kibamba. Umeme umerudi magharibi.

Alhamisi
Mzee mwenye kisima bondeni, chini ya hilo shimo, alizuiwa getini kwa muda mrefu kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Alipoingia nikamwamkia, akaitikia, akauliza moja kwa moja: "Mwanangu, kama maji hayapiti, uchafu utapitaje?"

Ni swali zuri. Henry Darcy alionyesha huko Dijon, mwaka 1856, kwamba mwendo wa maji mchangani hufuata tofauti ya msukumo. Lakini mwaka mmoja kabla yake Adolf Fick alikuwa ameeleza jambo jingine: chumvi hujisambaza yenyewe kutoka ilikojaa kwenda ilikopungua, hata maji yakiwa yametulia tuli. Umbali ukiongezeka mara mia, muda huongezeka mara elfu kumi. Kwa mfinyanzi wa kawaida, kloraidi huchukua kama siku sita kuvuka sentimita 1, na kama miaka 160 kuvuka mita 1.

"Hiyo ni bila nyufa," nikamwambia.

"Mbuga ipi haina nyufa kiangazi?" akauliza. Sikuwa na la kubisha.

Ijumaa
Printa imeishiwa wino, ripoti haikutoka. Mkandarasi amepiga simu, anataka namba moja ya kasi ya maji kutoka kwenye sampuli nzima. Namba hiyo ninayo na ni nzuri, ila ni ya kipande kinachoenea kiganjani. Mwaka 1984 mhandisi David Daniel alionyesha kwamba matabaka ya mfinyanzi yaliyojengwa uwanjani yalipitisha maji mara 10 hadi 1,000 zaidi ya vipimo vya maabara vilivyotabiri. Sababu mojawapo ni nyufa, na sampuli ndogo mara nyingi huzikosa.

Nimeandika namba zote mbili, ya sampuli nzima na ya ile yenye ufa. Ombi langu kwa watakaoamua: jengeni kwanza kipande cha majaribio hapohapo shimoni, chenye upana wa mita kadhaa, mpime maji yanavyozama humo, na udongo ufunikwe usikauke kabla taka hazijamwagwa. Wenye visima bondeni waitwe kuyasikia matokeo kabla ya mkataba kutiwa saini.