Kochi Lililokwenda Kula Idi: Barua kwa Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa

Mheshimiwa Mwamuzi,

Kwanza hongera. Sheria ya 2016 iliyoizaa mahakama yako ilikomea madai ya shilingi 200,000. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi milioni moja. Sisi tunaouza mtandaoni makochi na makabati yaliyokwisha kutumika hapa Mji wa Kale tulifurahi mno, ijapokuwa kochi la milioni hatujaliona Kibokoni tangu tuzaliwe. Hukumu ndani ya siku 60, mtu ajisemee mwenyewe bila wakili, tena asibanwe na kanuni kali za ushahidi. Neema iliyoje! Nami nina shauri la kochi moja la watu watatu.

Kumi la mwisho la Ramadhani wanunuzi huwa wapole ajabu. Mmoja akaniuliza: "Ami, lipo bado?" Lipo. "Nipunguzie basi, wageni wa Idi hao waja." Nikampunguzia. Picha nilimtumia, ya mguu wa nyuma ikiwemo, na chini yake nikaandika: mguu huu umetengenezwa. Akajibu kwa kidole gumba. Jioni mkokoteni ukapita Ndia Kuu, ukakwama kwenye kona ya kichochoro chao, hamali wakalisimamisha kochi wima, likaingia.

Idi Mosi kimya. Idi Pili kimya. Idi Tatu, usiku, simu: "Ami, kochi lako bovu. Mguu umetengenezwa."

Nikaenda kutazama. Mto wa kati una doa la shira ya kaimati. Nilipotia mkono kwenye mfuko baina ya mito nikatoa kokwa ya tende na noti mpya ya shilingi 50, bila shaka mkono wa Idi wa mtoto fulani ambaye hadi leo analia. (Noti nimeirudisha. Iandikwe kwenye faili.)

Mheshimiwa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoachiwa na Mwingereza, yasema mnunuzi akikaa na kitu muda wa kutosha bila kusema amekikataa, basi amekikubali. Muda huo ni siku ngapi haikutaja, mwaupima nyinyi. Mwingereza hakuwajua wageni wetu. Naomba basi mtutolee kalenda. Kochi la kumi la mwisho likataliwe kabla mwezi haujaandama. Kapeti la harusi, kabla bibi harusi hajalikanyaga. Viti vya hitima, kabla ya pilau. Na kwa kuwa ushahidi kwenu si mgumu, waitwe wote walioketi, akiwemo yule bibi wa Kuze aliyesinzia humo tangu adhuhuri hadi alasiri. Aulizwe kama mguu ulimsumbua.

Sisemi wauzaji ni malaika. Wapo wanaopiga picha usiku, taa upande usio na ufa, na mbao za kubandika wakaziita mvule. Juzi nimeona kiti cha enzi "cha babu", varnishi haijakauka. Hao sheria yawatosha: kitu kilichouzwa kwa maelezo sharti kifanane na maelezo yake. Wakiletwa kwenu, msiwaonee huruma, wanatuharibia soko.

Ila kuna kifungu kimoja naomba kisisomwe kwa sauti. Mnunuzi aliyekataa kitu kwa haki halazimiki kukirudisha; akimwarifu muuzaji yatosha, isipokuwa kama walipatana vingine. Maana yake, mkokoteni wa kurudi ni juu yangu. Na hamali wetu, kupandisha wanatoza, kushusha wanatoza, na kichochoro kikiziba wanatoza kwa kusubiri.

Nikaona nimwambie alibakishe tu. Amekubali, kwa sharti nimrudishie nusu ya pesa. Tena ameniuliza kama nina meza kubwa ya chakula, maana mwezi ujao anaoza mdogo wake.

Wako mtiifu,
Muuza makochi, Kibokoni